Nguzo Isukumwe Hadi Ishindwe: Mwongozo wa Kupima Uwezo wa Nguzo za Msingi

Tuseme una nguzo ya msingi ya zege iliyomwagwa shimoni, kipenyo milimita 600, urefu mita 18, na michoro inataka ibebe kilonewton 1,500, yaani kama tani 150. Mkandarasi ameipakia mara moja na nusu ya mzigo huo, kilonewton 2,250. Kichwa kimetitia milimita 6, mzigo umeondolewa, na ripoti inasema nguzo imefaulu. Muulize aliyekuletea ripoti hiyo swali moja tu: uwezo wa nguzo hii ni kiasi gani? Hakuna ukurasa utakaokujibu. Unachojua ni kwamba nguzo haikushindwa kwa 2,250. Huenda ingeshindwa kwa 2,400, huenda ingefika 5,000, na kwa hali ya kwanza jengo lako liko karibu na hatari, kwa hali ya pili umezika fedha nyingi ardhini bila sababu. Mwongozo huu unatetea jambo moja: jaribio lenye faida kubwa ni lile linalofanywa mapema, michoro ikiwa bado inaweza kubadilika, kwenye nguzo iliyotengwa kwa kazi hiyo, na linaloisukuma nguzo mpaka ishindwe au ikaribie kushindwa. Majaribio mengine yana nafasi yake, lakini mengi yao hupata maana yakisomwa kando ya hilo.

Sababu iko katika namna nguzo inavyobeba. Mzigo hushuka ardhini kwa njia mbili, msuguano wa ubavuni na ukinzani wa kitako, na njia hizi haziamki kwa wakati mmoja. Msuguano hufikia kilele chake nguzo ikiwa imesogea milimita chache tu, mara nyingi chini ya 10. Kitako kinataka msogeo mkubwa zaidi, kama asilimia 5 hadi 10 ya kipenyo, na kwa nguzo yetu hiyo ni milimita 30 hadi 60. Nguzo iliyotitia milimita 6 basi imejaribiwa ubavu, kitako chake hakijaulizwa chochote. Tena hata hizo 6 si za udongo peke yake, kwa kuwa zege lenyewe hubanwa. Ukichukua moduli ya zege kuwa gigapaskali 30, nguzo hii chini ya kilonewton 2,250 ingefupika kwa karibu milimita 4.8 kama mzigo wote ungefika chini, na kama msuguano unaumeza mzigo sawia njiani hadi uishe, ingefupika kwa nusu ya hapo. Maana yake kitako kimesogea kati ya milimita moja na nne hivi. Ikiwa chini ya shimo kuliachwa tope kabla ya zege kumwagwa, tope hilo bado liko pale na jaribio halikuligusa.

Utaambiwa kwamba mkataba umetaka mara moja na nusu, na mara moja na nusu imetimizwa. Ni kweli, na jaribio hilo halina kosa katika kazi yake. Kazi yake ni kukagua ufundi: kwamba nguzo hii, iliyo tayari kuwa sehemu ya jengo, haikujengwa vibaya kiasi cha kutitia chini ya mzigo usiozidi sana ule wa kila siku. Kwa sababu nguzo hiyo itabaki kazini, huruhusiwi kuiharibu. Nguzo ya majaribio ya awali ni kitu kingine. Hiyo hupakiwa mara mbili hadi tatu ya mzigo wa kazi, au zaidi, na lengo lake ni kumpa msanifu namba za kutumia. Tatizo la miradi mingi ni kuandika jaribio la kwanza kwenye orodha ya kazi na gharama, kisha kuzungumza kana kwamba limefanyika la pili.

Kwamba ujuzi huu una thamani inayohesabika, vigezo vyenyewe vinasema. Kigezo cha madaraja cha Marekani, AASHTO, humtaka msanifu wa nguzo za kugongwa azidishe uwezo aliokadiria kwa namba inayotegemea jinsi alivyoujua. Aliyetumia kanuni ya zamani ya Engineering News, inayotokana na kazi ya A. M. Wellington mwishoni mwa karne ya 19, huzidisha kwa 0.10. Kanuni ya Gates iliyoboreshwa hupewa 0.40, uchambuzi wa mlinganyo wa wimbi 0.50, upimaji wa nyundo wenye vihisi na uchambuzi wa mawimbi 0.65, na jaribio la mzigo tuli 0.75. Ukiunganisha jaribio tuli na upimaji wa nyundo unafika 0.80. Chukua nguzo iliyokadiriwa kuwa na uwezo wa kilonewton 4,000. Mwenye kanuni ya Gates anaruhusiwa kuhesabu 1,600, mwenye jaribio tuli anahesabu 3,000. Nguzo ni ileile na udongo ni uleule, kilichoongezeka ni kujua. Kigezo cha Ulaya, Eurocode 7, hufuata mantiki hiyohiyo kwa njia yake. Ukiwa na jaribio tuli moja unagawanya matokeo kwa 1.40, ukiwa na matano au zaidi unagawanya wastani kwa 1.00, mradi jaribio lililotoa namba ndogo kuliko yote nalo likubaliane.

Hapa ndipo mwenye mradi husema jaribio la kusukuma hadi mwisho ni ghali. Nguzo yetu ikitakiwa kufika mara mbili na nusu, kilonewton 3,750, marundo ya kuibana lazima yazidi hapo kwa asilimia 10 hadi 20, nayo ni matofali ya zege kati ya 175 na 190, kila moja la mita moja ya ujazo. Yasafirishwe, yapangwe kwa winchi, yashushwe, na siku zote hizo sehemu hiyo ya saiti isifanye kazi nyingine. Kwa mradi wa nguzo 20 gharama hiyo haina utetezi, na ningekushauri uache, uchukue kiwango kikubwa zaidi cha usalama na ukubali kuchimba mita za ziada. Kwa mradi wa nguzo 200 hesabu inageuka. Jaribio likikuruhusu kufupisha kila nguzo kwa mita 2 tu, umeokoa mita 400 za kuchimba, nondo na zege. Na likikuonyesha kwamba nguzo ni dhaifu kuliko ulivyodhani, umelijua hilo kabla ya nguzo ya kwanza ya jengo kuingia ardhini, wakati marekebisho bado ni mistari kwenye karatasi.

Ukishaamua kufanya jaribio tuli, lisimamie kwa macho yako, kwa kuwa makosa yake ni madogo na hayapigi kelele. La kwanza ni mzigo wenyewe. Mafundi wengi husoma geji ya presha ya jeki na kuibadili kuwa kilonewton, lakini pistoni ya jeki ina msuguano wake, na ikikaa upande kidogo sehemu ya presha huliwa humo humo. Matokeo huonyesha mzigo mkubwa kuliko ule uliofika kwenye nguzo, tofauti inayoweza kufika asilimia 10 au hata 20, na daima kosa huelemea upande wa kukufurahisha. Dai kipima mzigo cha kielektroniki kati ya jeki na boriti kuu inayobeba marundo, chenye cheti cha urekebishaji ambacho hakijaisha muda, na geji ibaki ya kulinganishia. Kati ya jeki na boriti hiyo liwekwe pia bamba lenye kiungo cha duara, mzigo usije ukaingia kwa pembe.

Kosa la pili ni boriti ya rejea, ile ambayo geji za kupima kutitia hushikizwa. Boriti hiyo inapaswa kuwa kitu pekee kwenye saiti kisichosogea, na mara nyingi ndiyo inayosogea. Boriti ya chuma ya mita 6 ikipata ongezeko la joto la nyuzi 10 hurefuka kwa milimita 0.7, na jua likiipiga upande wa juu tu hupinda. Unapotafuta ikiwa nguzo imetulia chini ya kasi ya milimita 0.25 kwa saa, jua la saa nne asubuhi linatosha kukudanganya. Funika eneo lote kwa turubai, acha ncha moja ya boriti iwe huru kuteleza, na miguu yake isimame mbali na nguzo inayopimwa na mbali na egemeo za marundo, angalau mita 2.5 au mara tano ya kipenyo, umbali wowote ulio mkubwa. Nguzo za nanga, kama zimetumika badala ya marundo, nazo zikae umbali kama huo, kwa kuwa zinapovutwa juu huinua udongo unaoizunguka nguzo yako. Kisha weka mtu na levo ya macho anayesoma kichwa cha nguzo kutoka alama ya kudumu iliyo mbali. Usomaji wake hauna usahihi wa geji, ila ndio utakaokuonyesha kama boriti ya rejea imetitia pamoja na kila kitu.

Kuhusu hatua za kupakia kuna mabishano ya miaka mingi. Utaratibu wa polepole huongeza mzigo kwa robo ya mzigo wa kazi na kungoja kutitia kupungue kabla ya hatua inayofuata, na mzigo wa mwisho hushikiliwa saa 12 hadi 24. Utaratibu wa haraka huongeza asilimia 5 kila baada ya muda usiobadilika, kati ya dakika 4 na 15. Kwa kutafuta uwezo nachagua wa haraka, kwa sababu hatua zake nyingi na zilizo sawa huchora mkunjo ulio wazi. Wa polepole uuchague pale unapotaka kujua nguzo itatitia kiasi gani chini ya mzigo wa kukaa, hasa kwenye mfinyanzi. Mizunguko ya kupakia na kupakua katikati iepuke kama umefunga vihisi kwenye nondo, maana huacha mikazo ndani ya nguzo inayovuruga usomaji wote unaofuata. Na vihisi hivyo usivibanie pesa. Bila vihisi kwenye kina tofauti unajua kichwa kimefanya nini, lakini hujui ni mita zipi zilizobeba, na bila hilo huwezi kufupisha nguzo wala kuhamishia matokeo kwenye nguzo ya kipenyo kingine.

Mizigo ikizidi uwezo wa marundo, au nguzo ikiwa ndani ya maji kama kwenye daraja, iko njia aliyoiendeleza Jorj Osterberg wa Northwestern University katika miaka ya 1980. Jeki huzikwa ndani ya nguzo yenyewe, karibu na chini. Ikijazwa presha husukuma sehemu ya juu kwenda juu na kitako kwenda chini, na kila upande huwa egemeo la mwenzake. Hakuna tofali hata moja linalohitajika juu. Sharti lake ni kwamba jeki iwekwe mahali ambapo nguvu za juu na za chini zinakaribiana, la sivyo upande dhaifu hushindwa mapema na wenye nguvu hubaki haujulikani. Ndiyo maana njia hii inataka makadirio mazuri ya udongo kabla ya kuanza. Jeki hairudi, na kama nguzo itatumika jengoni, pengo lililofunguka lazima lijazwe uji wa saruji.

Upinzani wenye nguvu kuliko wote hutoka kwa wale wanaosema kwamba upimaji wa nyundo umemaliza haja ya haya yote. Hoja yao ina uzito. Msingi wake uliwekwa na E. A. L. Smith alipochapisha mlinganyo wa wimbi kwa ajili ya nguzo mwaka 1960, na kundi la George Goble huko Cleveland, Ohio, likatengeneza vipimo vya kuutumia saiti. Vihisi viwili vya mkazo na viwili vya mchapuko hufungwa karibu na kichwa, nyundo inaangushwa, na wimbi hushuka na kurudi. Kwenye zege, ambamo wimbi husafiri kama mita 4,000 kwa sekunde, safari hiyo kwa nguzo ya mita 18 huchukua milisekunde 9. Ndani ya kipande hicho cha muda kompyuta hupata habari za ukinzani wa ubavu wote. Unaweza kupima nguzo kadhaa kwa siku moja, kwa gharama iliyo sehemu ndogo ya jaribio tuli.

Lakini nyundo hukuambia tu ukinzani ilioweza kuuamsha. Nguzo ikishuka chini ya milimita 2 au 3 kwa pigo, umepata kiwango cha chini cha uwezo, hujapata uwezo, na kwa nguzo kubwa za kumwagwa uzito wa nyundo unapaswa kuwa kama asilimia 1 hadi 2 ya mzigo unaotafutwa, jambo ambalo mkandarasi mwenye nyundo ndogo hatakwambia. Pili, kutoka mawimbi hadi kilonewton kuna mchambuzi anayechagua tabia za udongo hadi mikunjo ifanane, na wachambuzi wawili wanaweza kufika kwenye namba mbili. Tatu, muda. Kwenye mfinyanzi, kugonga hupandisha shinikizo la maji kati ya chembe na kudhoofisha udongo, kisha nguvu hurudi kwa siku au wiki kadhaa, kwa hiyo pigo la siku ya kugonga husema kidogo na pigo la wiki mbili baadaye husema mengi. Baadhi ya mawe laini ya tabaka na mchanga laini uliogandamana hufanya kinyume, hupungua nguvu baada ya muda. Tiba ya yote matatu ni moja: piga nguzo ileile uliyoipima kwa jaribio tuli, rekebisha uchambuzi hadi ukubaliane na ukweli uliouona, halafu tumia nyundo kwenye nguzo nyingi za saiti hiyo. Ile 0.80 ya AASHTO inatokana na muungano huo. Njia ya mlipuko, ambayo hurusha uzito juu na kuikandamiza nguzo kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo, iko katikati ya hizi mbili, na kwenye mfinyanzi kasi yake hukuza matokeo yasiposahihishwa. Kile kipimo cha nyundo ndogo ya mkononi hukagua kama nguzo imekatika au imebonyea. Usikubali kamwe kiitwe jaribio la mzigo.

Ukiwa na mkunjo mkononi, amua mapema ni wapi utasema nguzo imeshindwa, maana mikunjo mingi haidondoki wima. Eurocode 7 inakubali kutitia kwa asilimia 10 ya kipenyo cha kitako, milimita 60 kwa nguzo yetu. Mhandisi Davisson, mwaka 1972, alipendekeza mstari wa ufupisho wa nguzo yenyewe uliosogezwa kwa milimita 4 kuongeza kipenyo kugawanya kwa 120, kwetu jumla ya milimita 9. Tofauti ya vigezo hivi inaweza kuwa mamia ya kilonewton, kwa hiyo kiandikwe kimoja kwenye mkataba kabla jeki haijasukumwa. Ipo pia njia ya Chin wa Malaysia ya mwaka 1970, inayorefusha mkunjo kwa hesabu hadi mzigo usiofikiwa. Nguzo ikiwa imetitia sana, namba hiyo husaidia. Ikitolewa kwenye jaribio lililosimama milimita 6, ni ubashiri, na kwa kawaida huwa kubwa kuliko ukweli.

Pingamizi la mwisho ni kwamba nguzo moja haiwakilishi saiti nzima, na hili nalikubali bila masharti. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, mwamba wa matumbawe una mapango, na nguzo mbili zilizo mita 3 kutoka moja hadi nyingine zinaweza kukaa moja juu ya mwamba na nyingine juu ya uwazi. Jaribio haliondoi haja ya kuchoronga, linaiegemea. Gawa saiti kwa mujibu wa udongo, kila sehemu ipate jaribio lake, na nguzo za kukaguliwa zichaguliwe na mhandisi mshauri baada ya kazi kumalizika, mkandarasi asijue mapema. Huko Sha Tin, Hong Kong, mwaka 1999 majengo mawili ya ghorofa 34 yaliyokuwa yakijengwa yalikutwa yanatitia bila uwiano. Nguzo nyingi zilikuwa fupi kuliko rekodi zilivyodai, na majengo yote mawili yakabomolewa.

Kuna pia maswali ambayo jaribio la nguzo moja haliwezi kuyajibu hata likifanywa vizuri namna gani. Shinikizo la nguzo moja huishia mita chache chini ya kitako, la kundi zima hushuka kina kinacholingana na upana wa jengo. Millennium Tower ya San Francisco, ghorofa 58, iliyomalizika mwaka 2009, ilisimama juu ya nguzo zilizoishia kwenye mchanga mgumu, na chini ya mchanga huo kulikuwa na mfinyanzi mnene wa kale. Kufikia 2016 ilikuwa imetitia takriban sentimita 40 na kuinama, na baadaye zikateremshwa nguzo nyingine hadi mwambani. Nguzo moja kwenye mchanga ule ingeweza kufaulu jaribio lolote, kwa kuwa mfinyanzi wa chini usingehisi mzigo wake. Na kwenye mabonde yenye udongo laini kama la Msimbazi jijini Dar es Salaam, au popote palipojazwa kifusi kipya, tabaka la juu litakuja kutitia na kuivuta nguzo chini, ilhali siku ya jaribio tabaka hilohilo liliisaidia kubeba. Nguzo ya majaribio mahali hapo ivishwe mabomba mawili kupita tabaka hilo ili msuguano wake usihesabiwe. Fanya vivyo hivyo kwenye udongo mweusi unaovimba, ambao masika hushika nguzo kwa nguvu na kiangazi huiachia.

Ripoti unayopokea iwe na usomaji wote ghafi, kila dakika na kila geji, pamoja na vyeti vya vipima mzigo, tarehe ya kumwaga zege na tarehe ya kupima, hali ya hewa ya siku hiyo, kumbukumbu za uchimbaji wa nguzo hiyo hasa na shimo la kuchoronga lililo karibu nayo. Mkunjo wa mzigo na kutitia uchorwe pamoja na mstari wa ufupisho wa nguzo kwenye mchoro mmoja, ili yeyote aone kitako kilianza kufanya kazi wapi. Nguzo iliyosukumwa hadi ikashindwa ikatwe chini ya usawa wa msingi na itiwe alama kwenye michoro ya mwisho, asije mtu baadaye akaihesabu miongoni mwa zinazobeba.